Stesheni ya Kerubo

Juzi fundi kijana alikuja kuniwekea intaneti hapa nyumbani. Alipigilia kisanduku chake ukutani, taa zikawaka kijani, akaniuliza nataka nenosiri gani. Nikamwambia, "Kabla ya nenosiri, niulize kwanza nani katika boma hili hapaswi kusikia nini." Alinitazama akidhani jua limenipiga. Akaandika moja mpaka nane kwa mfululizo, akapanda pikipiki yake akaenda. Nililibadilisha kabla hajafika barabarani.

Nawaandikia ninyi, vijana wa siku hizi mnaofunga mitambo ya watu haraka haraka na kukimbilia kazi nyingine. Mimi nilikuwa fundi wa simu za nyumbani, Kisii na Nyamira, enzi ambazo simu ilikuwa na mkia. Nilipanda nguzo nyingi kuliko miti niliyopanda utotoni, na utotoni nilikuwa mtundu. Lile swali la nani asisikie nini sikulibuni mimi. Nilipewa na Mzee Onsongo, msimamizi wangu, na katika miaka yote ya kazi nililisahau mara moja tu. Hiyo mara moja nusura nivunje boma la watu Gesima.

Onsongo alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata juani. Ukienda naye kuweka simu, hagusi waya kwanza. Anazunguka boma, anasalimia, anakunywa uji, anauliza huyu ni nani kwa yule. Sisi tuliotoka chuoni Nairobi tulimwona anapoteza wakati. Siku moja nikamwambia hivyo, tena kwa kiburi. Akanijibu, "Mtambo ulisoma kwa kitabu. Boma utasoma kwa nini? Wewe unauliza simu ikae wapi. Mimi nauliza nani asisikie." Nikacheka, naye akaniacha nicheke.

Mjini Kisii palikuwa na mwenye duka, Bwana Kantilal, aliyeuza redio, pasi na kila kitu chenye waya. Yeye alikuwa na imani kubwa na kufuli. Simu zile za kuzungusha namba kwa kidole, mlikuwa hamjazaliwa, ziliweza kutiwa kufuli ndogo kwenye tundu la namba, kidole kisizunguke. Kantilal alifunga yake, ufunguo akauvaa shingoni. Siku moja akaniita ofisini kwake, jasho likimtoka.

"Fundi, kufuli iko. Funguo iko hapa kwa shingo. Lakini shemeji yangu Kisumu anajua jana mimi nilikula nini! Amejuaje?"

Nikazunguka nyuma, nikamkuta mkewe, Mama Hansa, ameketi karibu na simu. Anagonga kile kitufe kinachokatia simu: ta-ta-ta, anatulia, ta-ta-ta-ta-ta, anatulia. Hizo ni tatu na tano. Alikuwa anapiga namba nzima ya dada yake bila kugusa pale penye kufuli, na hakuna chuo kilichomfundisha. Aliponiona hakustuka. Alinisogezea sahani ya bajia. Nikarudi mbele na kumwambia Kantilal kwamba laini ina unyevu kidogo na itakauka yenyewe.

Basi Mungu anisamehe bajia zile. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba mtu anaweza kufunga pale anapopaona, na watu wakaendelea kupita asipopaona. Nilijua, halafu nikaenda Gesima nikasahau.

Gesima ni kwa wakulima wa chai. Huko aliishi Mwalimu Mokaya, mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa tai hata akienda kuchuma chai. Umeme ulikuwa umefika kwake kwa kuwa nyumba haikuwa mbali na kiwanda, na simu alikuwa nayo. Mwanawe Evans alifanya kazi Nairobi. Evans alikuwa amejenga nyumba yake upande wa pili wa ua, hatua arobaini hivi kutoka kwa baba, na humo alikaa mkewe, Kerubo, binti wa Marani, aliyeolewa hata mwaka haujaisha.

Shida ilikuwa hii. Evans akipiga simu Jumapili, inalia sebuleni kwa baba mkwe. Kerubo anaitwa. Anakuja mbio, anasimama kando ya meza yenye kitambaa, macho chini, mkwe wake ameketi pale na gazeti. Kwetu Abagusii kuna chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mkwe na mkwe. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkamwana hatamki mbele ya baba mkwe neno lolote la mapenzi, hata la kitanda kama kifaa cha mbao. Kwa hiyo mazungumzo ya wale wanandoa wawili yalikuwa hivi: "Ndiyo. Wazima. Mvua ipo. Sawa." Mwezi baada ya mwezi, ndiyo, wazima, mvua ipo. Mama Evans, mama mkwe, aliniambia baadaye kwamba msichana alikuwa ameanza kukonda, na kwamba Evans huko Nairobi alidhani mkewe hampendi.

Evans akaandika barua kuomba simu ya pili, iwekwe nyumbani kwake. Nikatumwa mimi. Onsongo alikuwa na likizo. Nikafika Gesima na waya begani, sikunywa uji wa mtu, nikamweleza Mwalimu kwamba nitatoa waya kwenye simu yake sebuleni, nivuke ua, niingie kwa Kerubo.

Mwalimu akavua miwani. "Waya itoke hapa kwa kiti yangu, iingie huko kwa chumba ya mkamwana? Fundi, wewe ni Mgusii kweli ama ulizaliwa kwa swichibodi?"

Niliona haya, lakini kiburi cha chuo hakikuniruhusu kunyamaza. Nikamwambia upo ujanja mpya. Kantilal alikuwa ameleta simu isiyo na waya. Kisanduku chake kinakaa sebuleni, mkonga wake mtu anautembeza anakotaka, hata shambani. Hakuna kamba itakayovuka ua. Hakuna kitu kitakachopita.

"Hakuna kitu kinapita?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Ni hewa tu."

"Hewa ni sawa," akasema. "Hewa ni ya Mungu."

Hapo ndipo nilipokosea, vijana wangu, na naomba msome tena mstari ule. Sisi wawili, watu wazima wa Kisii, tulikataa waya wa kushikika unaokwenda mahali pamoja tu, tukakubali kitu kinachopita kila mahali, kwa sababu hatukukiona kikivuka ua. Kantilal mwenyewe aliponiuzia ile simu alinihakikishia, "Hii hakuna mtu anaweza kugonga, fundi." Maskini, kumbe alikuwa ameshagundua mkewe anavyogonga.

Mambo yakaenda vizuri. Kila Jumapili alasiri Mama Evans alibeba ule mkonga ndani ya leso, akavuka ua, akampa Kerubo na kuondoka zake. Msichana akawa anafunga mlango na kuongea na mumewe mpaka betri inalia. Akanenepa. Nilipopita kukagua alinipa chungwa na kuniita kaka. Nikarudi Kisii nikijisifu kwa kila mtu, hata kwa Onsongo aliyekuwa amerudi. Yeye aliuliza tu, "Na hiyo hewa, umeiuliza inaenda wapi?" Nikamwambia asinionee wivu.

Jumapili moja Mwalimu alikuwa na wageni baada ya ibada: pasta na wazee wawili wa kanisa. Chai imemiminwa, mikate imekatwa. Mwalimu akawasha redio yake kubwa atafute mpira. Akazungusha, akazungusha, sindano ikafika mwisho kabisa wa mkanda, kule ambako stesheni zote zimekwisha. Sauti ikatoka, safi, ya mwanamke kijana.

"...pasta leo amehubiri, Evans! Mama mmoja mbele yangu alianza kufuma sweta, amina ikafika akiwa amemaliza mkono."

Pasta alikuwa ameshika kikombe. Akakishusha polepole.

Naye Evans akasikika akicheka, kutoka Nairobi, ndani ya redio. Kerubo akaendelea, "Na tata, huyu baba yako, akiombea chakula ndio usiseme. Ugali inapoa, paka analala, akiamka bado tunaombea watu wa nchi za mbali." Halafu sauti ikashuka, ikawa laini, ile sauti ambayo mke anamwekea mtu mmoja tu duniani. "Hii kitanda yako ni kubwa sana kwa mtu mmoja. Naviringika mpaka kwa ukuta, sikupati."

Mwalimu aliruka kuizima. Kwa haraka yake akashika kitufe cha sauti badala ya kile cha kuzimia, akakizungusha upande usio wake. Redio ikanguruma ua mzima: "SIKUPATI, EVANS!" Kuku wakatawanyika. Kerubo mwenyewe, hatua arobaini kule, akajisikia akitoka dirishani kwa baba mkwe wake.

Najua mnacheka. Mimi pia nilicheka niliposimuliwa, kwa muda mfupi. Kisha nikaambiwa yaliyofuata. Mwalimu alichukua kofia yake, akatokea mlango wa nyuma, akakata kati ya michai bila kuaga wageni, akaenda Masimba kwa ndugu yake. Siku tisa hakurudi. Kerubo naye alikunja nguo zake ndani ya sanduku, akasema anarudi kwao Marani, kwa sababu mkamwana aliyemwonyesha baba mkwe uchi wa moyo wake hawezi tena kumwandalia chai. Kila mmoja aliona kwamba yeye ndiye wa kuhama.

Habari hizi aliniletea Mama Evans, alikuja mwenyewe mpaka bohari yetu mjini. Hakupiga simu, na nani angemlaumu. Alifungua leso, akauweka ule mkonga na kisanduku chake mezani kwangu.

"Chukua mtoto wako," akasema. "Sisi ametushinda."

Onsongo alikuwa kwenye meza ya pili. Hakusema, "Nilikwambia." Alivaa kofia yake ya sufu na kusema tutafungua hicho kidude. Tukakifungua. Hakikuwa na kitu chochote cha kuficha maneno, wala namba ya siri ya kukitambua kisanduku na mkonga wake. Kilikuwa kinatangaza hewani wazi wazi, kwenye masafa yaliyopakana na mwisho wa mkanda wa kati wa redio. Redio yoyote ambayo sindano yake imelegea kidogo, ikivuka mpaka, inaingia chumbani kwa watu. Na mtu wa jirani akinunua simu kama ile kwa Kantilal angeweza hata kupiga kwa laini ya Mwalimu. Nilijisikia mdogo kuliko skrubu niliyoishika. Nilikuwa nimempa msichana wa watu mlango usio na kitasa, nikamwambia afunge.

Kesho yake nikaenda Gesima. Kerubo alinisikiliza akiwa amekalia sanduku lake.

"Kaka, makosa ni yako, sawa, nimesikia," akasema. "Lakini masikio ni ya tata. Utayatoa aje?"

Nikamwomba siku mbili. Akanipa moja.

Nikaenda Masimba mbio. Mwalimu nilimkuta dukani kwa ndugu yake, katikati ya mabati na ndoo, amevaa tai. Nikamwambia kosa lilikuwa langu tangu mwanzo mpaka mwisho, kwamba mkamwana wake alifunga mlango kama mke mwenye heshima, na mimi ndiye niliyeutoa ukuta.

"Mimi sina hasira na yeye," akasema. "Ningekuwa na hasira ningerudi siku hiyo hiyo. Hasira unaimaliza na maneno. Niko na haya, fundi. Haya unaimaliza na nini?"

Nilifanya kile mafundi hufanya tukikosa jibu. Nilichora. Nikachukua katoni tupu ya sabuni, nikachora nguzo ya simu iliyo nje ya lango. Kutoka nguzoni, waya uende kwa Kerubo. Ufike kwenye swichi ndogo ukutani, urudi tena nguzoni, ndipo uje kwa Mwalimu. Hakuna waya hata mmoja utakaotoka nyumba moja kuingia nyingine. Kila mmoja anapokea kutoka nje, kama barua. Swichi ikiwa juu, simu ya Mwalimu inafanya kazi kama kawaida. Ikiwa chini, ya Kerubo peke yake ndiyo hai, na ya mzee haisikii hata pumzi.

"Lakini hiyo swichi tunaweza kuiweka kwako, Mwalimu," nikaongeza haraka. "Laini ni yako. Unaweza kugeuza mchoro, ianzie kwako."

Akafuatisha ule mchoro kwa kidole mpaka mwisho. Mteja akaingia akanunua misumari akatoka.

"Yaya, hapana," akasema. "Iweke kwake. Mlango hufungwa na mtu mwenye yuko ndani."

"Akisahau kuirudisha, simu yako itakaa imekufa."

"Nilifundisha darasa miaka mingi nikingoja watoto wamalize kuongea. Nitangoja."

Tuliifanya kazi ile Onsongo na mimi, na safari hii nilikunywa uji bakuli mbili kabla ya kugusa waya. Tukaukaza kila ungio, tukafunika kisanduku cha nguzoni na kukifunga, maana Onsongo alisema hata waya una mahali watu hawapaoni. Tulipomaliza nikamwomba Kerubo ashushe swichi na aongee. Mwalimu, aliyekuwa amerudi asubuhi hiyo na kukaa upande wa mbali wa ua, akaingia sebuleni akainua mkonga wake. Akausikiliza. Akausikiliza tena.

"Kimya," akasema, na nilimwona akishusha mabega kwa mara ya kwanza tangu Masimba.

Bado palikuwa na yale masikio ambayo Kerubo aliniuliza nitayatoaje. Mimi sikuweza. Aliyatoa Mwalimu mwenyewe. Alibeba ile redio kubwa kwa mikono miwili, akasimama nayo katikati ya ua ambapo kila nyumba ingemsikia, akaniita kwa sauti ya darasani.

"Fundi! Chukua hii takataka. Imeharibika tangu mwaka jana. Haishiki stesheni, haisemi kitu. Mimi sijawahi kusikia kitu chochote kwa hii redio. Hata wageni wangu hawajasikia. Nimemwuliza pasta, amesema hakusikia kitu."

Kisha mlango wa Kerubo ukafunguka kidogo, na baada ya muda Mama Evans akatoka humo na chupa ya chai, akaivusha ua mpaka kwa mumewe. Mwalimu akamimina, akaombea chai ile. Aliomba kwa ufupi ajabu. Nilisikia mtu akicheka nyuma ya mlango, mimi nikalia kidogo, nikasingizia vumbi la nguzo.

Wakati natoka na redio begani, bibi mmoja jirani, Omong'ina Bochaberi, alinisimamisha langoni kwake.

"Fundi, ile stesheni ya Jumapili imepotea. Sisi wote hapa tulikuwa tunaifuata. Ule msichana alipatana na bwana yake, ama?"

Kumbe kijiji kizima! Nikamwambia ule mchezo ulikwisha vizuri, walipatana. Akamshukuru Nyasae, Mungu wetu, akasema aliogopa sana kwa ajili ya kitanda.

Siku hizi nguzo zile zimeoza na waya wa shaba umeibwa wote. Mwalimu alishalala, Mungu amrehemu, na redio yake ndiyo hii ninayosikiliza nikiandika, haijawahi kuharibika hata siku moja. Mwaka jana nilipita Gesima. Kerubo ana wajukuu sasa, na Evans amestaafu, amelala zake kwenye kiti akikoroma. Kisanduku cha intaneti kipo ukutani pale pale, chini yake ile swichi yangu, haina kazi, imefutwa vumbi. Nikamsifu. Nikamwuliza kama alibadilisha nenosiri alilokuja nalo kisanduku, akasema siku ile ile. Wageni je? Wana lao peke yao, dogo, na hubadilishwa wakiondoka. Mambo ya benki? Hayo huyafanya kwa waya, mlango ukiwa umefungwa. Nikajaa fahari, nikatoa simu yangu mfukoni.

"Basi nipe hilo nenosiri lako, dada, nimwonyeshe mama watoto picha yako."

Akanimiminia chai, akanisogezea chungwa.

"Kaka," akasema, "wewe uko nje."